Modeli inapata asilimia 98 lakini hali ya mzee bado siielewi

SWALI: Shikamoo kaka. Baba yangu ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta tetemeko na mwili kuwa mzito, aligundulika miaka minne iliyopita, anameza levodopa, dawa ya ugonjwa huo, mara nne kwa siku. Yeye yuko Moshi na dada, mimi niko Dar. Nilimnunulia saa janja inayotoa data ghafi ya akselerometa (sensa inayopima mtikisiko na mwendo) mara 50 kwa sekunde, kaivaa miezi mitatu, na kila jioni dada anaandika siku ilikuwa "nzuri" au "mbaya". Nikaikata data vipande vya sekunde tano tano, kila kipande kinaingia nusu kwenye mwenzake, nikachanganya, asilimia 80 nikatreni (kuifundisha modeli) na 20 nikatesti (kuipima), modeli ya randomu foresti, ile ya miti mingi ya maamuzi inayopiga kura, ikapatia asilimia 98. Nikiipa wiki mpya inabahatisha tu kama mtu anarusha shilingi. Na swali langu kubwa ni ugonjwa unaenda kwa kasi gani, hilo haliniambii kabisa. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni na kuuguza.

Nianze na hiyo 98 maana ndo imekudanganya. Mtihani umevuja. Modeli yako haijajifunza Parkinson, imejifunza tarehe. Fikiria, dada kaandika Jumanne ni "mbaya", wewe hiyo Jumanne umeikata vipande maelfu, ukavichanganya, vingine vikaenda kutreni vingine kutesti, tena kila kimoja kimebeba nusu ya jirani yake, sasa hapo modeli ina haja gani ya kuujua ugonjwa? Kila siku ina alama zake, mkanda ulikazwa kiasi gani, mzee alivaa sweta au hakuvaa, alishinda shambani au kwenye kiti, modeli inaitambua Jumanne kwa hizo alama afu inasoma jibu la dada. Ikija wiki ambayo haijawahi kuiona inabaki kutoa macho.

Dawa yake ni kukata kwa muda, sio kuchanganya. Miezi miwili ya mwanzo itreni, wa tatu utesti, na siku moja isigawanywe pande mbili hata iweje. Siku ukipata wagonjwa wengi utakata kwa mtu, aliyeko kwenye kutreni asionekane kwenye kutesti. Asilimia itaporomoka, pengine vibaya sana, usishtuke, hiyo ndo ya kweli na nyingine zote zilikuwa mapambo.

Sasa hiyo lebo ya dada. Sio kosa lake, ila neno moja kwa siku nzima halitoshi kwa mtu anayemeza levodopa mara nne. Ile dawa haikai mwilini, hata ikiwa na carbidopa, mwenzake anayeizuia isivunjwe kabla ya kufika kwenye ubongo, nusu yake inakuwa imeondoka ndani ya saa moja na nusu hivi, kwa hiyo kadiri miaka inavyoenda mgonjwa anaanza kupanda na kushuka kama maji ya bahari, kidonge kikishika anatembea vizuri, kikiisha anakuwa mzito, miguu inaganda mlangoni, na wengine kikishika sana mwili unaanza kujinyonganyonga wenyewe. Siku ya mzee ina mawimbi manne, dada kaandika neno moja. Saa yako kwa sehemu kubwa inapima kidonge, haipimi ugonjwa. Mabadiliko ya kati ya saa mbili asubuhi na saa nne siku hiyo hiyo yanaweza kuwa makubwa kuliko ya mwaka mzima wa ugonjwa, na wewe unatafuta hayo madogo ndani ya hayo makubwa kwa miezi mitatu.

Wanaofanikiwa wanafanyaje? Kuna kazi ya watafiti wa Oxford iliyotoka 2023, wagonjwa 74, wakija maabara mara saba, kila baada ya miezi mitatu. Walivalishwa sensa sita, wakatembea dakika mbili, wakasimama sekunde 30 macho yamefumbwa, basi. Humo wakapata vipimo 29 vinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda, na randomu foresti hiyo hiyo unayoitumia wewe ikaonyesha ugonjwa umesogea ndani ya miezi 15, wakati alama za daktari kwa kipimo cha MDS-UPDRS sehemu ya tatu, ambapo daktari anamwangalia mgonjwa akijongea na kumpa alama, hazikuonyesha badiliko lolote. Na hapo daktari si mzembe, kipimo chenyewe ndo kinaenda kwa hatua kubwa, kila kitu anakipa 0 mpaka 4, mgonjwa anaweza kuzidi kidogo kidogo akabaki kwenye 2 ile ile.

Ila angalia mambo mawili kabla hujafurahi. Hawakuwaacha watu wazurure na saa, waliwapa kazi ile ile kila mara. Na majibu yale ni ya kundi la watu 74, sio ya mzee mmoja. Ukitaka ya mtu mmoja kwa saa moja ya mkononi, jiandae kwa mwaka na zaidi.

Kwa hiyo badilisha mpango. Miezi mitatu uliyonayo usiitupe, lakini anza upya na zoezi la asubuhi, kabla ya kidonge cha kwanza, maana usiku kucha hajameza kitu na hapo ndo unauona mwili wenyewe dawa ikiwa imepungua sana. Dada agonge kioo cha saa mara tatu kwa kidole, hizo gonga tatu utaziona kwenye grafu kama miiba mitatu, utajua zoezi limeanzia hapo. Mzee akae, mikono juu ya mapaja, dakika moja, ahesabu kwa sauti kutoka mia kurudi nyuma, kwa sababu akili ikishughulishwa tetemeko linajitokeza vizuri. Kisha atembee dakika mbili pale pale kila siku, na viatu vile vile, leo ndala kesho raba unakuwa umepima viatu. Dada awe pembeni yake asije akaanguka. Na akiamka amekaza kabisa basi zoezi liachwe, apewe dawa yake kwa wakati, usije ukamchelewesha mgonjwa kidonge kwa ajili ya grafu.

Kwenye ile dakika ya kukaa tafuta nguvu ya mawimbi ya mara 4 mpaka 6 kwa sekunde, ndo mwendo wa tetemeko la Parkinson mkono ukiwa umetulia, kile kidole gumba kinachosugua cha shahada kama mtu anayevuta tasbihi. Data yako ya mara 50 kwa sekunde inatosha kabisa. Kwenye kutembea angalia mkono unabembea kiasi gani na hatua zinafanana au hazifanani, kama saa ina jairoskopu (sensa ya kupima mzunguko) ndo vizuri zaidi. Usilinganishe jana na leo, chukua namba ya katikati ya wiki nzima ulinganishe na wiki nyingine. Data ya mchana kutwa itakutesa, kupiga mswaki kunafanana sana na tetemeko, kukuna nazi pia, na safari ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi ndo usiseme.

Najua utafikiria kuchukua modeli ya wazungu iliyokwisha treniwa. Unaweza kujaribu, ila kumbuka watu wa kwetu ni wachache mno kwenye hizo data. Hapo jirani na kwenu wilaya ya Hai watafiti walipita kwenye eneo la watu kama 161,000, kwenye ripoti yao ya 2008 wakahesabu wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba walichonacho kinaitwa Parkinson. Mtu ambaye hata jina la ugonjwa hajaambiwa atamfundisha nani modeli?

Pia fungua daftari la matukio, hili watu wa kompyuta tunalidharau. Saa ya kila kidonge, saa ya chakula (levodopa inagombania njia na protini, sahani ya maharage na nyama pamoja na kidonge inaweza kukichelewesha), usingizi, choo, homa. Grafu ikianguka ghafla ndani ya siku mbili tatu usiseme ugonjwa umekimbia, Parkinson haiendi hivyo, uliza kwanza ana maambukizi gani au kapewa dawa gani mpya. Plasil ya kuzuia kutapika kwa mfano, huku kwetu inatolewa kama karanga na inawazidishia hawa wagonjwa vibaya mno. Hiyo mpigieni daktari wake siku hiyo hiyo, msisubiri wiki iishe upate namba ya katikati.

Mimi mwenyewe niliwahi kushangilia grafu ya mgonjwa mmoja, tetemeko limepungua karibu lote kwa wiki mbili, nikaandaa na ripoti nikamtumia bosi. Kumbe mkanda ulimtoa vipele, akaihamishia saa mkono wa pili. Parkinson inaanza upande mmoja, na kwa kawaida upande huo ndo unabaki mbaya zaidi miaka yote, mimi nilikuwa napima ule mkono wake wenye nafuu.

Na hilo hukuliandika. Mzee anatetemeka mkono gani, na saa iko mkono gani?