Kwa mwenye jiwe la mistari la Geita: kilicho chini si lazima kiwe kikongwe

Mkuu, nimesoma swali lako la jana. Shemeji yako karudi Tanga kutoka Geita na jiwe lenye mistari myeusi na myekundu, mkaanza ubishi barazani. Wewe ulisoma kuwa kule kanda ya Ziwa kundi la miamba ya Nyanza, ambalo sehemu kubwa ni volkeno, liko chini, na mashapo ya Kavirondo, yaani kokoto na mchanga uliogeuka mwamba, yako juu yake. Shemeji anaapa kaingia duarani, shimo la wachimbaji, na kuona lava imelala juu ya kokoto zilizogandamana. Unataka kujua nani mwongo, na kama huku kwetu miamba hiyo ipo.

Hakuna mwongo. Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe kosa la kudhani kilicho chini ndicho kikongwe lilishanitia aibu mbele za watu.

Kabla ya kurudi nyumbani nilikaa miaka minne kwenye uchorongaji, kutoboa miamba ili kutoa sampuli, kule Ziwani. Kazi yangu ilikuwa kupanga sampuli kwenye trei, kuziosha, na kuandika kila mita ni jiwe gani. Shimo moja lilianza na lava nyeusi ya kijani, tukashuka nayo muda mrefu, halafu ghafla zikaja kokoto zilizoshikana kama zege la fundi asiyebana saruji. Nikaandika kwa kujiamini: kokoto ni kongwe, lava ni ya baadaye. Si ziko chini?

Mama mjiolojia aliyetusimamia akasoma, akaniita. "Mwanangu, sijakuuliza kipi kiko chini. Niambie hizo kokoto zimemeguka kutoka jiwe gani." Nikamwaga maji kwenye trei, nikainama. Kokoto moja ilikuwa na mistari myeusi na myekundu, jiwe la chuma lile lile la shemeji yako. Nyingine ni lava nyeupe nyeupe. Nikanyamaza. Kokoto haiwezi kumeguka kutoka jiwe ambalo halijakuwepo. Kwa hiyo volkeno na chuma vilitangulia, vikainuliwa, mito ikavila, vipande vikakusanyika na kuwa mwamba wa Kavirondo. Baadaye ardhi ilikunjwa, na pale tulipochoronga mkunjo ulikuwa umepinduka, babu yuko juu na mjukuu chini.

Ndiyo maana mpangilio unaousoma vitabuni ni wa umri, si wa kina cha shimo. Kwa ufupi: kongwe kuliko yote ni basalti, lava nyeusi iliyomwagika chini ya maji. Baada yake zinakuja lava nyeupe zaidi, majivu ya volkeno yaliyoganda, na kati yao matabaka ya jiwe la chuma. Hiyo ndiyo Nyanza, yenye umri wa kama miaka bilioni 2.8 hadi 2.7. Kisha kuna pengo, yaani muda ambao hakuna kilichowekwa bali miamba ililiwa tu na maji, halafu kokoto na miamba ya mchanga ya Kavirondo. (Jina hilo lilitokana na ghuba ya Kavirondo upande wa Kenya, ambayo siku hizi inaitwa Winam.)

Mwamba uliopinduka utaujuaje ukiwa huna kokoto za kukusaidia? Lava iliyoganda majini hujifunga mafungu kama mito ya kulalia. Mgongo wa kila mto ni wa duara, na tumbo lake hujibana kufuata nafasi iliyoachwa na mito ya chini. Ukiona migongo inatazama chini, jua mwamba umelala kifudifudi. Kwa mashapo, chukua jagi la maji, tia mchanga na udongo, koroga, acha: chembe nene zinatangulia kutua, laini zinafuata. Tabaka lenye chembe nene juu na laini chini huenda limepinduliwa. Mimi sasa siandiki neno "juu" kabla ya kutafuta alama hizi.

Wengine mtasema, ili kujua umri tutumie visukuku, mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe. Miaka bilioni 2.7 iliyopita hapakuwa na konokono wala samaki wa kutuachia ganda. Umri unapatikana kwenye zirkoni, punje ndogo sana ndani ya lava nyeupe na majivu, ambamo madini ya urani hugeuka madini ya risasi kwa mwendo unaojulikana. Basalti huwa na zirkoni chache mno, ndiyo maana lava nyeupe, ambayo wachimbaji huipita bila kuitazama, ndiyo inayowapa wataalamu tarehe.

Haya, Tanga. Miamba ya Nyanza hatuna. Tulicho nacho ni rahisi kusoma, hata kwa daladala. Anzia Muheza kwenye miamba geu ya Usambara, iliyopikwa na kukandamizwa zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Ukija mashariki unakutana na miamba ya mchanga ya Karoo, halafu chokaa ya Amboni na Kiomoni ya zama za Jurasiki, enzi za dinosaria, ile yenye mapango, na ukifika Raskazone unakanyaga matumbawe ya juzi tu. Matabaka yameinamia baharini, kwa hiyo kadiri unavyosogea pwani, kwa jumla umri unapungua. Yamekatwa na nyufa kubwa hapa na pale, lakini hayajapinduliwa kama ya Geita.

Najua mtu ataandika "mbona Handeni kuna dhahabu?" Ipo, lakini imo kwenye miamba geu, na huwezi kuisaka kwa ramani ya Geita. Kule Geita dhahabu ilifika baada ya mikunjo: maji ya moto yenye salfa yalipita kwenye nyufa, salfa ikashikana na chuma, dhahabu ikakosa pa kukaa ikadondoka hapo hapo. Ndiyo maana wanalifuata jiwe la mistari.

Kuhusu hilo la shemeji, tafuta sumaku ya spika mbovu uipitishe kwenye mistari myeusi. Ikivuta, ni magnetaiti, madini ya chuma yanayoshika sumaku. Isipovuta, huenda jiwe limekaa sana juani na chuma chake kimegeuka. Ukipata ming'ao ya njano msifurahi mapema, mara nyingi ni hiyo salfa na chuma. Weka picha hapa, ikiwa imelowa maji, jiwe kavu halionyeshi kitu.