Mama Anayelia Santa Croce Si Mjane

Jana nimemsikia tena mmoja wenu, ninyi waongoza watalii wapya, akiwaambia wageni kwamba mshairi Dante amelala pale kanisani Santa Croce, Firenze. Jamani! Dante amezikwa mji wa Ravenna tangu 1321. Lile la Santa Croce ni kaburi tupu. Haya, wadogo zangu, nisikilizeni.

1. Viatu. Sakafu ina makaburi yenye michongo iliyoinuka. Vaeni soli laini.

2. Tazameni kichwa cha sanamu kabla ya kufungua mdomo. Hili nimelilipia kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa wanakwaya kutoka nyumbani, pamoja na padri wao mzee. Tulipofika kwenye kaburi la mshairi Alfieri, kazi ya mchongaji Canova, penye sanamu ya mama anayelia, nikashusha sauti: "Huyu ni mjane, anamlilia mumewe mshairi." Kina mama wakaguna, mmoja akatoa leso. Nikajiona fundi.

Mtoto mmoja akauliza, "Mbona mjane amevaa ngome kichwani?"

Laiti ningenyamaza! Nikajibu kwamba ni kilemba cha matanga cha Kiitaliano.

Kumbe padri ameshasogea kwenye maandishi. Akasoma Kilatini polepole, kidole kikifuata mstari hewani: Aloisia, wa ukoo wa Stolberg, Kontesa wa Albany, 1810. "Huyu ndiye aliyejenga," akasema. "Neno mke silioni." Angelionaje? Kontesa na Alfieri waliishi pamoja miaka mingi bila ndoa. Na mwenye taji la minara, anayejifuta machozi kwa vazi lake, ni Italia yenyewe. Italia gani, wakati Firenze ilikuwa chini ya Wafaransa na ufalme wa Italia iliyoungana ulikuja 1861? Analiliwa mshairi na nchi ambayo bado haijazaliwa. Machozi yale yalikuwa siasa, mimi nikayafanya msiba wa nyumbani. Mpaka wanapanda ndege wanakwaya waliniita Kilemba.

3. Kwa Dante, hatua chache tu kabla ya Alfieri, mambo yamegeuka: Italia imesimama na kunyoosha mkono, anayelia ni Ushairi. Mkiwachanganya hao wawili, sina la kuwatetea.

4. Sanamu ya mchongaji Pio Fedi ya 1883, ile iliyoinua mkono: semeni inafanana na Sanamu ya Uhuru ya New York, kisha tembeeni. Kijana mmoja aliwaapia Wamarekani kwamba yao imeigwa kutoka hapa. Mzee mmoja akamwomba ushahidi. Kijana akaaga anakwenda chooni, na kikundi nikakimalizia mimi. Mwavuli wake wa kuongozea ninao hadi leo.