Mchuzi wa nyama usiwe maji maji

Dada, mchuzi wako unakuwa maji maji kwa sababu unatia maji kabla nyanya hazijakaangika vizuri. Kilo 1 ya nyama ya mguu, ile yenye mishipa, chemsha na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi kwa moto mdogo, saa 1 na nusu hivi. Moto mkali unaikaza. Supu usiimwage!

Kaanga vitunguu 2 mpaka vibadilike rangi, tia nyanya 4 zilizosagwa, koroga mpaka mafuta yaelee na ukipitisha mwiko uone chini ya sufuria. Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Kisha nyama, karoti, viazi na vikombe 2 vya supu. Ndimu kamulia mwisho, ikitangulia viazi vinabaki vigumu.