Mistari imenyooka lakini Python inagoma: Tab na nafasi katika faili moja

Swali: Mimi na mwenzangu tuko Kisumu, tunaandika programu ya Python ya kurekodi uzani wa samaki wanaopokelewa ufuoni Dunga. Mimi natumia kihariri cha msimbo cha VS Code, yeye kile cha Vim. Akiongeza mistari kwenye faili yangu na kunirudishia, Python inagoma: `TabError: inconsistent use of tabs and spaces in indentation`. Nikiitazama, mistari imenyooka sawasawa. Kwenye `.vimrc` yake (faili ya mipangilio ya Vim) kuna `set tabstop=4` peke yake. Nami nimeweka nafasi 4 kwenye mipangilio, lakini nikifungua faili alizoanzisha yeye, VS Code bado inaweka Tab. Tufanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, anza kwa kuona kile Python inachokiona. Kwenye VS Code weka `"editor.renderWhitespace": "all"`, nafasi zitaonekana kama nukta na Tab kama mishale. Mwenzako aandike `:set list`, kila Tab itajitokeza kama `^I`. Mtakuta mstari wako una nukta nne na wake chini yake una mshale mmoja, wenye upana uleule. Python 3 haikisii Tab ni sawa na nafasi ngapi. Ikikuta mpangilio ambao maana yake inategemea makisio hayo, inakataa, na mimi naona inafanya vyema: heri igome leo kuliko jumla ya kilo itoke kimakosa kimyakimya.

Chanzo ni ile `tabstop=4`. Inabadilisha tu upana wa Tab kwenye skrini, haiigeuzi kuwa nafasi. Isitoshe, Vim ikikuta `.vimrc` ya mtumiaji haisomi tena mipangilio yake ya awali, ambayo ingewasha kanuni za kila lugha. Mwenzako afute mstari huo, aweke hii:

```
filetype plugin indent on
set expandtab shiftwidth=4 softtabstop=4
```

Sasa akimaliza `if` kwa nukta mbili na kubonyeza Enter, Vim itausogeza mstari unaofuata yenyewe, kwa nafasi 4, kama PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika Python, unavyotaka. `tabstop` ibaki 8, ili Tab yoyote iliyojificha ijitokeze kwa upana wake.

Kwako wewe, VS Code haijakupuuza. Kila inapofungua faili inachunguza yaliyomo na kufuata mtindo inaoukuta, hata kama mipangilio yako inasema vingine. Zima tabia hiyo kwa `"editor.detectIndentation": false`.

Lakini msitegemee mipangilio ya mtu mmoja mmoja. Akija mwenzenu wa tatu mtarudi palepale. Wekeni kwenye folda kuu ya mradi faili ya `.editorconfig`, inayoviambia vihariri vyote mtindo wa kufuata:

```
root = true

[*.py]
indent_style = space
indent_size = 4

[Makefile]
indent_style = tab
```

VS Code inahitaji kiendelezi cha EditorConfig. Vim za karibuni huja nacho, kinawashwa kwa `packadd! editorconfig`, na Neovim (ndugu wa Vim) kuanzia toleo la 0.9 inaisoma faili hiyo bila kuambiwa.

Hayo yote yanalinda mistari mipya tu. Ya zamani mwenzako aisafishe kwa `:set tabstop=4 expandtab` (kwa muda tu, kwa kuwa iliandikwa kwa upana huo), kisha `:retab`, inayogeuza Tab kuwa nafasi. Awe mwangalifu hapa: `:retab` hubadilisha hata Tab zilizo ndani ya maandishi yaliyofungwa kwa alama za kunukuu, kwa hiyo kama mnatenganisha safu za ripoti kwa Tab halisi, ziandikeni kwanza kama `\t`. Kama mnatumia Git kutunza historia ya mabadiliko, usafi huu uwe komiti (rekodi ya mabadiliko) ya peke yake, usichanganywe na kazi nyingine, la sivyo hamtajua ni mstari upi uliobadilika kwa maana.

Ile sehemu ya `Makefile` msiiondoe hata kama leo hamna faili hiyo. Programu ya `make`, inayosoma faili hiyo na kuendesha amri zilizomo, inataka amri zianze kwa Tab; mkiweka nafasi italalamika `missing separator`.