Dada wa Umoja, hiyo friji usiilipie bado

Umeuliza mambo manne kuhusu duka la dawa unalofungua mtaani Umoja, Nairobi: leseni ya PPB (bodi ya serikali inayosimamia dawa), rafu, kibao cha nje, na kama friji ndogo ya mlango mmoja, ile yenye kisanduku cha barafu juu, itafaa kuwekea insulini. Hayo matatu yatangoja. Hiyo friji ndiyo iliyonimaliza mimi, na nikiona mtu anaelekea kuinunua tumbo linanikata.

Insulini hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda hata mara moja imekwisha, hata ikiyeyuka vizuri. Ile nyeupe kama maziwa huenda ikakuonyesha: unaona chembechembe, au ukungu umegandamana kwenye kioo cha kichupa. Ile angavu haikuonyeshi chochote. Unamuuzia mama mzee wa watu, anajidunga, sukari haishuki, halafu lawama ni za ugali.

Sasa ona friji hizo zinavyodanganya. Kihisio cha baridi kimeshikizwa kwenye kisanduku cha barafu, wala hakijui lolote kuhusu rafu ya kati. Zile namba 1 hadi 7 za kuzungusha si nyuzi, ni nguvu tu. Februari, jua la Nairobi likiwaka, unazungusha hadi namba 6 ndipo rafu ifike nyuzi 5. Inafika Julai, usiku una baridi ya kuvalia koti kitandani, nawe hujagusa kitu. Namba ile ile 6 inaipeleka rafu chini ya sifuri saa tisa usiku. Ukifungua duka saa mbili asubuhi, kipimajoto kinasoma 4, unaandika 4 kwenye daftari, unatabasamu. Daftari safi kabisa, dawa maiti. Cheka tu, kicheko hicho nimeshakilipia.

Na yule aliyeniuzia, Mungu anamwona. "Friji ni friji, na baridi ikizidi ndiyo salama zaidi." Mbuzi kwenye gunia, tena na kamba nikakabidhiwa.

Kanuni yangu ni moja: hakuna kichupa cha insulini kinachoingia kabla friji haijapimwa siku saba ikiwa na chupa za maji peke yake. Nunua kipimajoto cha waya kinachokumbuka kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa. Ncha ya waya izamishe kwenye kichupa cha maji katikati ya rafu, maana joto la hewa huruka kila mlango ukifunguliwa, na maji hayadanganyiki upesi. Asubuhi na jioni soma namba zote tatu, ya sasa, ya chini na ya juu, ziandike, kisha bonyeza kitufe cha kufuta. Usipofuta, kesho unasoma ya juzi. Kiwango cha chini kikigusa chini ya 2 hata usiku mmoja, punguza ile namba ya kuzungusha na uanze kuhesabu siku saba upya. Ikishindikana, tafuta friji ya dawa. Na Juni baridi ikianza, rudia zoezi lote.

Dawa zikishaingia, ziache ndani ya maboksi yake, mbali na kisanduku cha barafu na ukuta wa nyuma. Mlangoni usiweke. Droo ya mboga ijaze chupa za maji, zitashikilia baridi stima ikipotea. Chomeka moja kwa moja ukutani, halafu swichi ya soketi uifunike kwa selotepu, la sivyo kuna mtu ataizima achaji simu. Stima ikienda usifungue mlango, andika saa. Ukilazimika kuhamishia dawa kwenye kibebeo, yaani sanduku la kubebea dawa baridi, vile vibarafu vyake (pakiti za maji yaliyogandishwa) vitoe kwanza nje hadi vitokwe jasho na usikie maji yakicheza ndani ukivitikisa, kisha weka katoni katikati. Kibarafu ambacho hakijatoka jasho kikigusa boksi kinagandisha insulini vilevile.

Ukishuku kwamba imeganda, itenge, iandike USIUZE, mwite mfamasia wako. Kuitazama kwa macho hakutoshi.

Ehe, leseni: hakikisha una mfamasia au mteknolojia wa dawa aliyesajiliwa, ukumbuke na kuihuisha kila mwaka. Rafu zisiguse sakafu. Kibao sikumbuki ulitaka kujua nini.

Kama deposti umeshatoa, usilie. Weka soda humo. Umoja ina jua, zitauzika.