Soma tarehe ya kadi yako: kwa mnaokuja kusoma Ujerumani

Wadogo zangu mnaofika muhula huu wa Oktoba, karibuni. Koti mtanunua, baridi mtaizoea, Kijerumani kitaingia taratibu. Mimi nina neno kuhusu makaratasi tu, maana wengi niliowaona wakihangaika huku hawakuangushwa na mitihani. Waliangushwa na tarehe.

Viza uliyogongewa ubalozini haikufikishi mwisho wa masomo. Mara nyingi ni ya miezi mitatu hadi sita. Humo ndani uwe umejiandikisha mtaani, una bima ya afya, umesajiliwa chuoni na umeomba kibali cha ukaazi, ile kadi ya plastiki. Mambo hayo yameshikana mikia. Bila karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli unakaa kwake, hujiandikishi. Bila kujiandikisha, benki inakuzungusha, na zile euro 11,904 ulizofungia kwenye Sperrkonto, ile akaunti maalumu iliyofungwa ya pesa za kujikimu, ambazo unatakiwa upewe 992 kila mwezi, zinabaki kuwa namba tu kwenye simu. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie uwe umejiandikisha. Kwa hiyo ukiulizia chumba, usianze na bei wala intaneti. Uliza kama utapata Anmeldung hapo, yaani huko kujiandikisha. Ukiambiwa hapana, tafuta kwingine hata kama dirisha linatazama mto.

Na ukishahamia, bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa siku kumi, barua yenye namba ya siri ya benki ikarudishwa ilikotoka. Mleta barua wa huku hagongi kwa jirani kuuliza "yule kijana Mtanzania yuko wapi?"

Sasa tuje kwenye kilichonitoa jasho. Kibali changu cha kwanza kilikuwa kinaisha mwishoni mwa Machi. Nikaingia kwenye mtandao wa ofisi ya wageni mwezi huohuo kutafuta miadi, nikakuta nafasi ya karibu ni Mei. Nikajisemea, sawa, nitasubiri, kosa si langu. Dada mmoja Mkongo wa Bukavu, tuliyekuwa tunatumia naye jiko moja, alinisikia nikilalamika, akaweka mwiko chini. "Miadi siyo ombi," akaniambia. "Wewe umeomba nini mpaka sasa? Hujaomba kitu."

Usiku ule ule tuliandika barua fupi: jina, namba ya kadi, naomba kuongezewa muda, tarehe, sahihi. Tukaambatanisha cheti cha chuo, bima, salio la akaunti na nakala ya pasipoti. Nikaituma kwa barua pepe, na asubuhi nikaipeleka posta kwa rejesta, risiti nikaichomeka ndani ya pasipoti. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Zile siku nne ndizo zilizoniokoa. Ibara ya 81 ya sheria ya ukaazi inasema ukiomba kabla kibali hakijaisha, kile cha zamani kinahesabika bado kipo hadi ofisi itoe uamuzi. Ukiomba kesho yake, umejiweka mikononi mwa afisa: akikuonea huruma umepona, asipokuonea ndiyo basi.

Mwezi Mei nikapewa karatasi ya kukunja iitwayo Fiktionsbescheinigung, yaani uthibitisho wa muda kwamba umeomba na unasubiri uamuzi. Usiitie mfukoni kabla hujaangalia vile visanduku vya alama. Alama ikiwa kwenye aya ya 4 ya ibara hiyo, unaweza kwenda nyumbani na kurudi. Ikiwa kwenye aya ya 3, ukitoka usiitegemee kukurudisha. Na hata ukiwa na ya aya ya 4, beba na kadi iliyokwisha, kisha fika uwanjani mapema. Mtu wa kaunta Dar huenda hajawahi kuiona karatasi ya aina hiyo.

Kazi za muda: siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Hesabu mwenyewe kwenye daftari, bosi hatakuhesabia.

Kuna watakaokunong'oneza kwamba kibali kikigoma, "jilipue", yaani omba ukimbizi. Wanaozungumza hivyo hawakuambii kwamba pasipoti yako itachukuliwa, na kwamba ukishaomba, kwa kawaida njia ya kurudi kwenye kibali cha mwanafunzi inafungwa mpaka kesi iishe. Yule dada wa Bukavu alikuja kwa njia hiyo kwa sababu alikuwa na la kukimbia. Alisubiri muda mrefu sana hapo katikati, hajui kama atakaa au atarudishwa. Ukimsikia anasimulia, hutatamani foleni ile kwa ajili ya diploma.

Basi siku kadi itakapofika, kabla hujaipiga picha kumtumia mama, soma tarehe ya mwisho iliyo upande wa mbele. Fungua kalenda ya simu, rudi nyuma wiki kumi, weka kengele. Fanya vivyo hivyo kwa pasipoti, maana kibali hakipewi muda unaoipita pasipoti, na ubalozi wetu uko Berlin. Kwa wengine wenu hiyo ni safari ya treni ya saa sita.