Mwanafunzi Akisema "Nina Mawazo", Mhadhiri Amjibu Nini?

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Mshauri. Nafundisha hesabu za biashara katika chuo kimoja hapa Lamu. Majuzi mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, kijana wa Faza, alibaki darasani wenzake walipotoka akaniambia, "Mwalimu, nina mawazo, sioni faida ya kuendelea." Nilikosa la kumwambia, nikampa pole. Tangu hapo hajaonekana chuoni. Nasikia yuko kwao. Sasa tumetangaziwa semina ya siku moja ya afya ya akili ya wanafunzi. Wenzangu wanasema sisi si madaktari, kazi hiyo ina wenyewe. Wakuu wanasema tutatoka tukiwa washauri. Niende? – Mwalimu, Langoni

JIBU: Wa aleikum salaam, Mwalimu. Semina ina siku yake, kijana hana. Mpigie simu leo. Asiposhika, mwandikie: "Nimeyakumbuka maneno uliyoniambia darasani. Simu niliyokupigia haikuwa ya masomo. Hujambo wewe?" Halafu subiri jibu, na usipolipata tafuta mtu wa kwao anayemjua amwone kwa macho.

Sasa semina. Nenda, lakini jua unakwendea nini. Siku moja haimfanyi mtu mshauri nasaha; sisi tuliosomea tumekaa miaka, na baada ya hapo tukafanya kazi chini ya uangalizi wa waliotutangulia. Kwa hilo wenzako wana haki. Hawana haki wanaposema haiwahusu. Maradhi mengi ya akili huanza ujanani: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2005 ulikuta robo tatu ya wanaoyapata maishani huwa yameshawaanza kufikia miaka 24. Ndio umri wa hao walioko mbele yako. Na wewe unawaona kila wiki, mshauri wa chuo hawaoni mpaka mambo yaharibike. Aliyekuwa akikaa mbele anahamia nyuma. Kazi zilizokuwa zikija kwa wakati zinakoma. Aliyekuwa akipata alama nzuri anarudisha karatasi tupu. Hayo hakuna daktari wa kuyaona, ni mwalimu tu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa wanaosaidia watu waliofikwa na maafa, na nguzo zake ni tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kwa mhadhiri mimi huongeza uliza, kwa sababu hapo ndipo tunapokwama.

Nikifundisha wahadhiri nawaweka wawili wawili, mmoja awe mwanafunzi. Wa kwanza anasema, "Nina mawazo." Wa pili, kabla mwenzake hajafunga mdomo, anajibu: "Usiwe hivyo, mshukuru Mungu, kila mtu ana yake." Nawasimamisha. Maneno hayo yanatoka kwenye moyo mwema, lakini yamefunga mlango. Turudie. Safari hii ngoja kidogo, kisha sema, "Mawazo ya nini, mwanangu?" Halafu nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda wahadhiri kuliko yote. Utaona mkono unaikimbilia kalamu, jicho linaitafuta simu. Nawaambia simu iwekwe kwenye droo ya meza, kifudifudi, na mikono itulie mapajani. Mara nyingi mwenye kuigiza mwanafunzi huanza kusema ya kweli yake mwenyewe.

Kijana wako angeulizwa hivi: "Ulivyosema huoni faida ya kuendelea, ni masomo au ni maisha?" Akisema maisha, uliza wazi: "Umefikiria kujiua?" Najua ulimi unakuwa mzito. Wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutamtia wazo asilokuwa nalo. Utafiti umelichunguza jambo hili mara nyingi na haukukuta hivyo. Aghalabu anayeulizwa hupata nafuu kwamba hatimaye kuna wa kumwambia. Akikubali, usimwache peke yake. Saa hiyohiyo mfuatane kwa mshauri wa chuo au hospitali ya King Fahd, na njiani mnaweza kupiga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Na mtu yeyote asimtishe kwa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba.

Haya yote yafanyiwe mazoezi kwa Kiswahili, na hilo mlidai. Semina nyingi huja na slaidi za Kiingereza kitupu, na mwanafunzi wa Lamu hatakuja kukwambia ana unyogovu, yaani maradhi ya huzuni nzito. Atakwambia hana raha, halali, kitwa chamuuma, moyo wamwenda mbio. Ama watu wa nyumbani watasema ana shetani na wameshampeleka kwenye kisomo. Usilibeze. Dua humtuliza mtu na haimzuii kwenda hospitali. Mwambie mama yake vyote viwili viende pamoja, utakuwa umempata.

Kuna jambo ambalo mkufunzi wa kutoka mbali hatalileta, basi liulize wewe: mtaongea wapi? Mwalimu mwanamume hawezi kujifungia ofisini na binti wa watu, na Lamu ukuta mmoja ni wa nyumba mbili. Ninachopendekeza ni viti viwili upenuni au uani mwa chuo, mahali wapitao wanawaona lakini hawawasikii, na msikae mkitazamana kama polisi na mshukiwa. Ukae ubavuni kidogo, ili akitaka kutazama chini atazame. Binti akipendelea mwalimu wa kike, muulize yupi, umpeleke.

Kuhusu siri, usiahidi usichoweza. Sema tangu mwanzo: "Ya kwako nitayatunza, ila nikiona maisha yako yamo hatarini nitamwita wa kutusaidia, na nitakwambia kabla." Na jina lake lisionekane kwenye grupu ya WhatsApp ya wahadhiri, hata kwa nia ya kumwombea dua. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na mji wetu unajua kusambaza.

Msitoke semina bila karatasi yenye jina la anayepokea wanafunzi, simu yake, siku anazokuwepo, na nani anashika usiku na Jumapili. Ulizeni pia mamlaka yenu yanafika wapi: kuongeza muda wa kazi, kumwombea mtihani maalumu, kumwandikia barua aliyecheleweshewa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, asifungiwe nje ya mtihani. Mimi naamini huko ndiko nguvu yenu halisi iliko. Wako wanafunzi wanaolemewa na karo na tarehe za mwisho, na wewe tarehe unaweza kuisogeza, mimi siwezi. Na mdai siku ya kurudi, miezi michache baadaye, na kesi zenu bila majina. Tafiti zinaonyesha mafunzo haya huwaongezea waalimu ujuzi na ujasiri. Ushahidi kwamba mwanafunzi mwenyewe hupata nafuu bado ni haba. Siku moja pekee haitoshi kuujenga ujuzi huo.

SWALI: Bi Mshauri, shikamoo. Nafundisha kwa saa, Malindi na Kilifi. Barua ya mafunzo kama hayo ilikwenda kwa walioajiriwa tu, na wanafunzi hunijia mimi kwa kuwa sijawapita sana kwa umri. Yao nayabeba mpaka nyumbani, sasa usingizi wenyewe sina. – Dada wa Maweni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwandikie mkuu wa idara, nakala kwa afisi ya wanafunzi. Taja madarasa unayofundisha na idadi ya wanafunzi wako, na uombe saa za mafunzo zilipwe kama saa za kufundisha. Chuo kinachowategemea walimu wa saa kikawaacha nje ya mafunzo kimewaacha wanafunzi wao pia, na uliandike hivyohivyo.

Mpaka wakujibu, weka mpaka. Saa tatu usiku simu ya wanafunzi izimwe, na wajue mapema nani wa kupigia baada ya hapo. Hao unaowabeba, kila mmoja mfikishe kwa mshauri wiki hii, ufuatane naye mara ya kwanza. Na hilo la usingizi ni lako, si la wanafunzi. Likizidi wiki mbili nenda hospitali ya kaunti ndogo ya Malindi, useme tangu lini, unaamka saa ngapi, na kama chakula kinapita.